Mfuko wa Tumboni Si Mwisho wa Masomo

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba hujafa hujaumbika. Methali hii niliikariri tangu shule ya msingi, nikaitia katika insha nyingi tu, tena kwa kujigamba ili mwalimu aniongezee alama. Maana yake hasa nilikuja kuijua mwezi wa Mei 2025, nilipozinduka katika wodi ya hospitali, nikapapasa tumbo na kukuta mfuko umebandikwa upande wa kulia.

Wengi wenu mnajua nina mfuko. Wengine mmesikia fununu tu bwenini. Wengine ndio mlionipa jina la "Posta", ati kwa kuwa natembea na mfuko wa barua. Siandiki makala haya ili nilie, wala ili nilipize kisasi. Naandika kwa sababu muhula uliopita nilisikia kwa masikio yangu maoni yakitolewa, tena na watu wenye nia njema, kwamba mwanafunzi wa hali yangu afadhali akae nyumbani mpaka apone, ama ahamie shule ya kutwa, "asisumbuke na asisumbue wenzake". Maoni hayo nayapinga. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo kabla ya kuyapinga niruhusuni niwaeleze kitanda changu.

Likizo ya Aprili mwaka huo nilikuwa nyumbani, upande wa Merti. Mvua ilikuwa imenyesha, na maji ya mto Ewaso Nyiro yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Tuliyateka, tukayaacha yatulie mtungini, tukayanywa. Kuyachemsha? Kuni zilikuwa zimeloa, na isitoshe ndiyo maji tuliyoyanywa tangu utotoni. Mwisho wa mwezi homa ikanishika. Tukadhani ni malaria. Nikanunuliwa vidonge dukani, nikapata nafuu siku mbili, homa ikarudi. Wiki ya tatu tumbo lilinikata ghafla kama nimechomwa kisu, kisha likawa gumu kama ubao. Nilipakiwa katika gari lililoleta miraa, lililokuwa likirudi mjini Isiolo, na kila shimo la barabara ile nalikumbuka hata leo.

Kumbe haikuwa malaria. Ilikuwa homa ya matumbo, ile tuiitayo taifodi. Vijidudu vyake huingia kwa maji au chakula chenye uchafu, na hupenda sana kushambulia sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mgonjwa asipotibiwa mapema, aghalabu kufikia wiki ya tatu, utumbo waweza kutoboka na uchafu ukamwagika tumboni. Hapo ni upasuaji, si vidonge tena. Daktari alikata sehemu iliyooza. Kwa kuwa tumbo lote lilikuwa limechafuka, hakuthubutu kuunganisha utumbo siku ile, maana kiungo kingeachia. Badala yake aliutoa mwisho wa utumbo mwembamba nje, kupitia tundu dogo tumboni, akaushona hapo. Njia hiyo ndiyo iitwayo ileostomi, na lile tundu huitwa stoma.

Stoma yangu ni nyekundu na yenye unyevu kama sehemu ya ndani ya shavu, na ukubwa wake ni kama sarafu ya shilingi ishirini. Ukiigusa haiumi, kwa kuwa haina mishipa ya kuhisi maumivu. Lakini pia haina msuli wa kuzuia. Nyinyi mkihisi haja mnaweza kubana mpaka kengele ilie. Mimi sina pa kubana. Kinachotoka hutoka kitakapo, kikiwa kama uji, na mfuko hukipokea. Mara nyingine stoma hutoa sauti. Mtakumbuka asubuhi ile gwarideni, tulipokuwa kimya kwa maombi, pakasikika sauti ya ajabu, na mstari mzima ukaangua kicheko. Naam, ni mimi. Sikukusudia!

Msidhani ni balaa la Isiolo peke yake. Watu hupata ileostomi kwa sababu nyingi: taifodi, kifua kikuu cha utumbo, saratani, risasi ya tumbo, na hili la risasi sisi wa kaskazini hatuhitaji kufafanuliwa. Huko Ulaya na Marekani wengi huipata kwa ajili ya maradhi ya kuvimba utumbo. Wengine huwa nayo kwa miezi michache, kisha utumbo ukaunganishwa. Wengine huishi nayo maisha yao yote, wakafanya kazi, wakaoa na kuolewa, wakazaa.

Sasa tuje kwenye maisha ya kila siku, na nianze na maji, maana hapo ndipo nilipokaribia kufa mara ya pili.

Utumbo mpana, ambao kinyesi changu hakipiti tena, una kazi kubwa ya kurudisha maji na chumvi mwilini. Kwa mtu mzima hurudisha zaidi ya lita moja kwa siku. Mwenye ileostomi hukosa huduma hiyo, hivyo maji na chumvi humtoka pamoja. Niliporudi shuleni muhula wa tatu sikulijua hili vyema. Nanyi mnajua jua la Isiolo la mwezi wa Septemba. Nilihisi kiu, nikanywa maji, nikanywa tena, chupa baada ya chupa. Kadiri nilivyokunywa ndivyo mfuko ulivyojaa, na ndivyo miguu ilivyokakamaa na kichwa kuzunguka. Siku ya tatu nilianguka nje ya maabara. Sista wa zahanati alinishika ngozi ya mkono, akatazama ulimi wangu, akasema, "Mwanangu, wewe huna shida ya maji peke yake. Umeishiwa chumvi."

Sista huyo ndiye aliyenifunza. Mfuko wa kawaida hutoa kama nusu lita hadi lita moja kwa siku. Ukizidi lita moja na nusu, hiyo ni hatari, na maji matupu mengi huzidisha mambo badala ya kuyatuliza. Dawa yake ni maji yenye chumvi na sukari, yaani ORS ya zahanati. Ikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyochemshwa hutiwa vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kurundika. Tangu siku ile chupa yangu ya mchanganyiko huo haibanduki dawatini. Kwa hiyo wale wanaodhani naficha juisi darasani, njooni muonje. Mtajuta.

La pili ni chakula. Mwenye mfuko hana miiko mingi. Mimi hula ugali, wali, anjera, ndizi, nyama iliyopikwa ikalainika, na maziwa ya ngamia yasiponichafua. Lakini vitu vigumu visivyosagika vyaweza kuziba njia, na mfalme wa vitu hivyo ni mahindi mazima. Wapenzi wasomaji, mnajua chakula cha shule yetu ni kipi. Githeri Jumatatu, githeri Jumatano, githeri Ijumaa! Siku moja nilikuwa na njaa, nikaila haraka haraka bila kuitafuna vizuri. Usiku ule mfuko ulibaki mtupu saa nyingi, tumbo likavimba na kuninyonga, nikatapika. Nilipelekwa hospitali na sijasahau. Mfuko mtupu pamoja na maumivu na kutapika si jambo la kungojea mapambazuko. Siku hizi natafuna kila tonge mpaka wenzangu wanainuka mezani, na mpishi mmoja mwenye huruma huniponda maharagwe na kuniachia mahindi yake sufuriani.

La tatu ni ngozi na mfuko wenyewe. Uji huo wa utumbo bado una vimeng'enya vya kusaga chakula, na havibagui: vikiigusa ngozi vitaanza kuisaga nayo. Ndiyo maana tundu la mfuko hukatwa liikaribie stoma kabisa, kwa kuacha nafasi ndogo tu ya milimita mbili au tatu. Ngozi huoshwa kwa maji matupu na kukaushwa vizuri. Ukipaka mafuta, gundi haishiki. Mfuko humwagwa ukifika thuluthi moja, si mpaka ujae, kwani ukilemea hubanduka. Mimi humwaga mara sita hivi kwa siku, na huubadilisha kila baada ya siku tatu au nne. Hiyo ni mifuko minane hadi kumi kwa mwezi, na bei yake humtoa jasho baba yangu, ambaye huiagiza Nairobi ikaletwa na gari la abiria. Tena joto letu huyeyusha gundi. Nilikuwa nikiiweka katika sanduku la bati bwenini, na mchana sanduku lile huwa kama tanuri. Mifuko mitano iliharibika kabla sijaerevuka. Sasa hukaa zahanatini, karibu na mtungi, mahali penye ubaridi.

Kwa sisi Waislamu kuna na la nne. Wiki za kwanza sikuswali. Niliona aibu kusimama mbele ya Mola na kinyesi kikinining'inia tumboni. Akko, yaani nyanya yangu, ndiye aliyenishika mkono mpaka kwa sheikh. Sheikh alinieleza kwa upole kwamba mwenye udhuru wa kudumu, kama yule asiyeweza kuzuia mkojo, hutawadha kwa kila swala ya faradhi baada ya wakati wake kuingia, kisha akaswali, na kitakachomtoka hakimharibii. Na Ramadhani ya mwaka huu wa 2026 sikufunga, kwa ushauri wa daktari, maana kukaa kutwa bila maji na chumvi kungeniangusha. Walioniona nikinywa mchana wakaguna, sasa wanajua.

Ndugu msomaji, katika kusoma nimegundua kwamba mimi si wa kwanza kupita njia hii, na hilo lilinituliza sana. Zamani stoma ilikuwa mateso kwelikweli. Madaktari waliuacha mwisho wa utumbo ukiwa umelala sawa na ngozi, na ngozi ikaungua daima. Mnamo 1952 daktari mpasuaji wa Uingereza, Bryan Brooke, alieleza njia ya kuugeuza mwisho huo nje kama unavyokunja mkono wa shati, ukachomoza kidogo na kumwaga moja kwa moja ndani ya mfuko. Njia hiyo ndiyo itumikayo hadi leo, nami ninayo tumboni. Mwaka 1954 nesi wa Denmark, Elise Sørensen, alimwona dada yake Thora akiogopa kutoka nyumbani kwa kuhofia kuvuja, ndipo akabuni mfuko wa kubandika kwa gundi. Basi huu mfuko mnaouchekea ulizaliwa kwa mapenzi ya ndugu kwa nduguye. Na ukidhani mwenye mfuko hawezi michezo, basi fahamu kwamba Rolf Benirschke, mpiga mateke wa San Diego Chargers katika kandanda ya Kimarekani, alipasuliwa mwaka 1979, akarudi uwanjani msimu wa 1980 akiwa na mfuko, na akaendelea kucheza miaka kadhaa. Mimi nilirudi golini mwezi wa Februari. Tulifungwa tatu, lakini si kwa sababu ya mfuko. Walinzi wetu walilala.

Hapa kwetu Kenya pia wako waliojitokeza bila kujificha, hata kuna chama chao kiitwacho Stoma World Kenya. Na tangu 1993 dunia nzima ina siku ya watu wenye stoma, Jumamosi ya kwanza ya Oktoba.

Sasa nirudi kwenye yale maoni, kwamba nikae nyumbani mpaka nifungwe tundu.

Kwanza, mpaka lini? Nilipotoka hospitali niliambiwa miezi mitatu. Miezi mitatu ilipotimia, nilikuwa nimekonda na damu imepungua, nikaambiwa nijenge mwili kwanza. Baadaye tarehe ikasogezwa tena. Sasa wanasema likizo ya Agosti. Huenda ikawa, huenda isiwe. Ningekaa nyumbani nikingoja, wenzangu wa Kidato cha Pili wangenipita, nami ningekuwa nachunga mbuzi Merti nikihesabu siku. Nina hakika wapo vijana kaskazini humu wanaohesabu siku hivyo hivi leo, kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba mtu aweza kusoma akiwa na mfuko. Na yule ambaye stoma yake ni ya maisha je? Yeye atangoje nini?

Pili, wanaosema shule ya kutwa hawajafikiria. Kwetu shule ya kutwa ni mwendo wa saa nzima juani, kwenda na kurudi, na maji ya kubahatisha. Hapa bweni liko hatua mia moja kutoka darasani, zahanati iko karibu, na Sista yuko. Kwa mtu kama mimi, shule ya bweni ndiyo salama zaidi, mradi mambo machache yarekebishwe.

Tatu, waama, anayesumbua ni nani? Mwezi wa Oktoba mfuko ulivuja usiku. Niliamka nimelowa, harufu imetanda. Taa ikawashwa, mtu akapiga kelele, "Nani amekufa humu?" Kicheko kikaenda kitanda hadi kitanda. Nilikusanya shuka gizani nikaenda bombani, na bomba halikuwa na maji. Niliketi pale nikaazimia kwamba asubuhi naenda zangu, basi. Ndipo jirani yangu wa kitanda cha juu akatokea na mtungi wa lita tano, maji yake ya kuogea. Hakusema pole wala nini. Akasema, "Shika hapa, bana, mimi namwaga." Tangu usiku ule yeye ndiye husimama mlangoni pa choo kisicho na komeo mpaka nimalize. Nimebaki shuleni kwa sababu ya mtungi ule. Kilichotaka kunifukuza usiku ule kilikuwa bomba kavu na kicheko. Mfuko wenyewe ulihitaji maji tu.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naiomba shule yetu mambo manne. La kwanza, choo kimoja tu kiwe na komeo na ndoo ya maji wakati wote. Kitamfaa na msichana mwenye hedhi, na mwenye kuhara, si mimi peke yangu. La pili, mwenye maradhi aruhusiwe kutoka darasani kwa ishara ya mkono, bila kuulizwa mbele ya watu "unaenda wapi tena?" La tatu, siku za githeri pawe na sufuria ndogo ya kitu laini. La nne, maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, kwa kuwa aliyeniletea mfuko ni maji. Julai 2025, nikiwa bado nyumbani najiuguza, serikali ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi, kuanzia miezi tisa hadi chini ya miaka kumi na mitano. Dada yangu mdogo alichanjwa, nikafurahi. Mimi nilikuwa na kumi na sita. Wengi wetu humu tulikuwa tumepita umri huo, basi kinga yetu ni sufuria ya kuchemshia maji na sabuni ya kunawia mikono.

Kwenu wanafunzi wenzangu ombi langu ni moja. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, yasema mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Iwapo mfuko wangu ni ulemavu au si ulemavu, mawakili watabishana. Lakini mimi nina jina, alilonipa Akko, na ni zuri. Niiteni hilo.

Wahenga pia walisema mficha uchi hazai. Nimeficha mwaka mzima, nikazaa nini? Kuanguka nje ya maabara, na usiku mmoja wa kulia bombani. Siku niliyosema, nilipata chumvi, nikapata mtungi wa maji, na mtu wa kunishikia mlango. Kama yuko mwingine humu shuleni mwenye siri ya mwili wake inayomla peke yake, anitafute bweni letu, kitanda cha chini karibu na dirisha. Chupa ya chumvi na sukari ipo, na masikio ninayo mawili.

Mwanachama wa Chama cha Kiswahili,
Kidato cha Tatu.